Tulivyoivika Nyumba ya Kikula

Juzi fundi wa rangi alikuja kuitazama nyumba niliyopanga hapa Lubumbashi. Ni mtu mwenye heshima zake, amevaa kofia, na ana simu kubwa iliyojaa picha. Akawa ananipitishia moja baada ya nyingine: karatasi za ukutani zenye maua, plastiki ya sakafuni inayofanana na mbao, mapazia yanayojifunga yenyewe kwa rimoti. "Madame," akaniuliza, "juu ya madirisha muko na idée gani?" Nikafungua mdomo nimjibu, na badala ya jibu kikanitoka kicheko. Maskini, alifikiri ninamcheka yeye. Nilimtafutia maji ya kunywa nikamwomba msamaha, lakini sikumweleza. Ningeanzia wapi? Wewe nitakueleza, kwa sababu nafikiri na wewe uliwahi kupiga magoti juu ya sakafu fulani, kitambaa mkononi, huku mama yako akikuonyesha mahali ulipopasahau.

Mimi nilizaliwa Shituru, upande wa Likasi wenye kiwanda cha shaba. Tulikaa katika nyumba ya kampuni, kwa maana Baba alikuwa fundi wa mitambo. Ilikuwa nyumba ndogo, lakini ilikuwa na kila kitu ambacho nyumba inapaswa kuwa nacho: vioo madirishani, kuta zilizopakwa rangi, na sakafu ya saruji nyekundu ambayo Mama aliing'arisha kila Jumamosi mpaka ukiinama unaona pua yako. Treni ilipita nyuma ya ua, moshi wa kiwanda ulitukohoza, na sisi watoto tuliamini dunia nzima inakaa hivyo.

Kisha kazi ya Baba ikaisha. Siku hizo kazi nyingi ziliisha, kwa hiyo hakuna aliyetushangaa. Nyumba ya kampuni ikarudishwa, nasi tukahamia Kikula, mtaa mwingine wa Likasi, kwenye kiwanja ambacho Baba alikuwa amejenga kidogo kidogo kwa miaka mingi, bila haraka, akijua siku moja kitamfaa. Nyumba yenyewe ilikuwa na malata ya bati juu, na sifa zake ziliishia hapo. Matofali yalikuwa uchi, ndani na nje. Madirisha yalikuwa matundu tu, yamezibwa kwa mbao na vipande vya turubai. Chini palikuwa na udongo, ule udongo mwekundu wa kwetu unaoingia katika soksi, katika shuka, katika sukari.

Mama hakulalamika. Kila asubuhi alinyunyiza maji chini ili vumbi litulie, akafagia taratibu, akapanga vile viti vyetu vya Shituru kana kwamba viko palepale vilipokuwa. Baba ndiye aliyenitia wasiwasi. Alikuwa na tabia ya kupiga mbinja alipokuwa akifanya kazi, mbinja nyembamba isiyo na wimbo unaoujua. Tangu tuhamie, sikuisikia tena. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono magotini, akitazama barabara ya sokoni kama mtu anayesubiri gari lililokwisha kupita.

Basi dada yangu mkubwa akapata mchumba.

Alikuwa mwalimu wa Lubumbashi, mtu mpole mwenye miwani, na sote tulimpenda. Lakini ukoo wake ulisifika. Ulikuwa na nyumba ya ghorofa, na ulikuwa na shangazi. Huyo shangazi, watu walisema, ndiye aliyeamua kila kitu. Ilisemekana aliwahi kuivunja posa ya mpwa wake mwingine kwa sababu tu yeye mwenyewe alikalia kiti cha wenyeji akainuka na vumbi kwenye kitambaa chake. Sasa ujumbe ulikuja kwamba wakubwa wa ukoo watatutembelea kabla ya mambo ya mahari, na shangazi atawaongoza.

Nakumbuka tulikuwa tunakula. Bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwa Tshangalele aliyekaushwa. Dada alikuwa hajagusa chakula. Akasema bila kumtazama mtu, akimtaja mjomba wetu aliyebaki Shituru:

"Mama, tunaweza kubapokea kwa tonton, kule Shituru. Kwake kuko muzuri. Kuko na madirisha."

Mama alikuwa anamega bukari. Mkono wake ukasimama, kisha ukaendelea kumega, lakini hakuupeleka mdomoni. Baba aliinuka akatoka nje. Bibi yetu akaiweka sahani yake chini.

Huyo bibi, mama yake Mama, sisi tulimwita Kaku, kama wanavyoitwa bibi na babu kwa watu wa asili ya Kasai. Aliletwa Katanga kwa treni akiwa bibi harusi mchanga, mume wake alipoandikishwa kazi ya migodi, na tangu hapo alikuwa ameishi katika nyumba za kila aina. Alikuwa mfupi, mweusi sana, na hakuwahi kupandisha sauti maishani mwake.

"Weye," akamwambia dada, "siku ya kwenda kwa bwana yako, utalia fasi gani?"

"Kaku, kulia namna gani?"

"Mwari analiaka ku mulango ya kwabo. Njo desturi. Sasa weye utashika mulango ya muntu mwingine na kulia? Bantu batasema nini? Batasema unalilia nyumba ya tonton."

Mdogo wangu wa kiume akacheka na maji yakamtoka puani. Dada hakucheka. Alisema kwa sauti ya kukatika, "Kaku, angalia hapa. Angalia tu. Batatuona namna gani?"

Kaku aliinuka. Akaizunguka sebule polepole, mikono nyuma, akigusa tofali hapa, akigonga ukingo wa dirisha pale, kama muuguzi anayepita vitanda. Aliporudi akasema:

"Hii nyumba haiko na bugonjwa. Haijavaa, njo ile tu. Tutaivalisha."

Kesho yake tukaanza.

Kuta zilitangulia. Nyuma ya viwanja vyetu palikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko Baba, na udongo wa kichuguu kila mtu wa Katanga anaujua: ukikauka umeshika. Tuliuchimba, tukaubeba kwa toroli ya jirani yetu mmoja muuza makala, yaani mkaa, tukauchanganya na mchanga na maji, na hapo kazi yetu watoto ikawa kuukanyaga. Sijui kama kuna furaha duniani inayofanana na kukanyaga udongo laini kwa ruhusa ya mama yako. Tulizama mpaka magotini. Tuliteleza, tukashikana, tukaanguka. Kaku na Mama walikuwa wanaupaka ukutani kwa viganja, kwa mapana, na kila mara Kaku alirudi nyuma akafumba jicho moja.

Ulipokauka, ikaja pemba. Ni udongo mweupe, laini kama unga, ambao mke wa muuza makala alituletea kutoka kando ya mto. Kaku aliuloweka, akauchuja kwa kitambaa, akaupikia uji mwembamba wa muhogo ili ushike. Ulipopakwa mara ya kwanza tulikata tamaa, maana ukuta ulionekana kijivu kama mtu mgonjwa. "Ngojeni," akasema Kaku, naye akaenda zake kutafuna kikanda, ule mkate wa mizizi ya porini, na pilipili chini ya baraza. Jua lilipoingia, ukuta ukaanza kuwa mweupe mbele ya macho yetu, kuanzia juu kushuka chini. Mama aliweka mkono mdomoni. Sebule ilikuwa imepanuka. Nakuambia, tuliisikia hata sauti yetu ikibadilika humo ndani.

Juu ya weupe ule, usawa wa kiwiko, Kaku alichora mkanda kuzunguka chumba kizima. Alikuwa na makopo mawili, moja la masizi ya chungu na jingine la udongo mwekundu, na kijiti alichokitafuna ncha mpaka kikawa brashi. Hakutumia rula wala kamba. Alichora mafundo yanayoingiana, yanapita juu, yanapita chini, yanarudi, kama yale aliyoyaona kwa mama yake katika vitambaa vya ukindu huko Kasai. Nilimfuata na kopo. Nilimwuliza anajuaje mahali pa kugeuka, akaniambia mkono ndio unaojua, yeye anausindikiza tu.

Madirisha ndiyo yaliyomwamsha Baba.

Lile la sebuleni lilikuwa kubwa, na kioo cha kulijaza hatukuwa nacho. Kaku alikuwa ameona mahali fulani dirisha la chupa, akatutuma tuzitafute. Chupa za bia hazikupatikana, kwa maana kila baa ilizirudisha kiwandani. Tulitafuta zile ambazo hakuna anayezitaka: za kijani za divai, tulizopewa na mtunza sakristia wa parokia, za kahawia za dawa, kutoka kwa muuguzi aliyekaa kona ya barabara yetu, nyeupe za sirapu, na moja, moja tu, ya buluu, niliyoiokota mimi mwenyewe nyuma ya duka la dawa na kuiosha mpaka Mama akasema inatosha. Kaku akaanza kuzipanga kwenye tundu la dirisha, chupa na udongo, chupa na udongo. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alitazama. Akatazama tena. Kaku alipoweka safu ya tatu juu ya ya pili, chupa juu ya chupa, Baba hakuweza kuvumilia.

"Mama, hapana vile. Itaanguka."

"Itaanguka namna gani?"

"Inapashwa kushikana. Hii inakalia katikati ya hizi mbili. Kama matofali." Akawa amesimama. "Ngoja. Mupishe, Mama, mupishe kidogo."

Kaku alimpisha upesi kuliko umri wake ulivyoruhusu, akaenda kukaa kwenye kile kiti karibu na mlango. Alinikonyeza. Mpaka leo siamini kwamba bibi mwenye mkono ule alikuwa hajui kupanga chupa.

Baba alibomoa kazi yote akaanza upya. Alitafuta saruji aliyokuwa ameibakiza kwenye ndoo, akapima kwa uzi, akageuza vitako vya chupa vyote vitazame nje. Alinipigia kelele nikimpa ya kijani alipotaka ya kahawia. Ile ya buluu aliizungusha mkononi muda mrefu, kisha akaiweka upande wa magharibi, juu kidogo. Alasiri ile jua liliposhuka, ukuta mweupe wa Kaku ukajaa madoa ya kijani na asali, na katikati yao doa moja la buluu likawa linatembea polepole kuelekea mlango wa jikoni. Mdogo wangu alijaribu kulikamata. Baba alisimama hapo, saruji mpaka kwenye viwiko, akitazama.

Kisha akaenda uani kutafuta mbao. Alikuwa na makasha ya zamani ya vipuri, mbao nzuri ngumu, na akayafanya vibao vya kufungia madirisha ya vyumbani. Bawaba zilikosekana, akakata vipande vya tairi la gari akavipigilia misumari. Vilifunga na kufungua bila hata mlio. Mimi na Mama tulikuwa jikoni tunachambua mboga. Mama aliinua kichwa ghafla kama mtu aliyesikia jina lake. Nje, katikati ya mapigo ya nyundo, ilikuwa ile mbinja. Mama aliendelea kuchambua mboga, lakini majani mazuri alikuwa akiyatupa na mabaya akiyaweka sufuriani, na sikumwambia.

Dada alikuwa bado amenuna. Alipika, alifua, alitekeleza alichotumwa, lakini nyumba hakuigusa. Mapazia yalimshinda kununa. Mama alikuwa amekusanya mifuko ya pamba ya unga wa ngano kutoka kwa mwoka mikate wa sokoni, ameilowesha na kuianika juani mara nyingi hata ikawa nyeupe, isipokuwa maandishi. Kwenye mmoja, haidhuru ulisugua namna gani, yalibaki yakisomeka vizuri kabisa: *poids net*, uzito halisi. Mama akaamua kuyafunika kwa kudarizi ua. Sasa Mama yangu alikuwa na vipaji vingi, ila sindano haikuwa miongoni mwavyo. Ua lake la kwanza lilifanana na buibui aliyekanyagwa. Dada alipita, akasimama nyuma yake, akatazama.

"Mama, ile ni nini?"

"Ni maua."

"Maua gani?"

Mama alilitazama ua lake kwa haki. "Sijui," akasema. "Labda ile ya Kasai."

Dada akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo na sketi yake safi. Alipomaliza kucheka alikuwa analia kidogo. Akauchukua ule mfuko mapajani mwa Mama. Alikuwa amefundishwa kudarizi shuleni na masista, na mkono wake ulikuwa mzuri. Juu ya yale maandishi alipandisha tawi lenye majani, na siku zilizofuata tawi likaenda kwenye pazia la pili, na la tatu, mpaka ukiyafunga yote unaona mti mmoja. Hawakusemezana tena habari za Shituru.

Iliyobaki ilikuwa sakafu, na wageni walikuwa karibu.

Tulimwaga udongo wa kichuguu, tukaulowesha, tukaupiga kwa vibao bapa. Ulipopasuka tulijaza nyufa tukapiga tena. Majirani walikuja kupiga pamoja nasi kwa ajili ya burudani tu. Muuza makala alipiga kwa nguvu hata Baba akamwomba apumzike. Juu yake Baba alitaka kuweka tabaka jembamba la saruji ya mwisho, na Mama alitaka liwe jekundu kama la Shituru. Rangi hatukuwa nayo. Kaku akachukua matofali yaliyochomwa, akayavunja, akaanza kuyatwanga.

"Kaku!" Mama alipiga kelele kutoka mlangoni. "Ile ni kinu yangu ya sombe!"

"Tofali ilipita mu moto," Kaku akajibu bila kusimamisha mchi. "Haina microbe."

Kwa muda mrefu baada ya hapo sombe yetu ilikuwa na mchanga kidogo. Lakini ule unga wa matofali ukichanganywa na saruji ulitoa wekundu mzuri, mzito, na asubuhi ya siku mbili kabla ya ugeni Baba aliumwaga na kuusawazisha akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Tukatoka wote nje. Tukasimama kuuangalia kama watu wanaomwangalia mtoto mchanga amelala. Kisha kila mtu akaenda kwenye kazi yake, na hakuna aliyekumbuka kufunga mlango wa nyuma.

Kelele za Mama ndizo zilizoturudisha. Kuku wa jirani, yule mkubwa mwenye madoa, alikuwa amepita ndani ya sebule na vifaranga vyake vyote. Aliingia kwa nyuma akatoka kwa mbele, bila haraka, na hata alikuwa amezunguka kidogo katikati kutafuta kitu. Nyayo zilionekana wazi kabisa, kubwa na ndogo. Saruji ilikuwa imeanza kushika. Nyingine haikuwapo.

Hapo ndipo Mama alipolia. Hakulia tulipoondoka Shituru, hakulia aliposikia habari ya kwa tonton, lakini sasa alikaa kwenye kizingiti akajifunika uso na khanga yake, mabega yakitikisika. Baba alisimama na mwiko mkononi hajui aseme nini. Dada alikwenda akapiga magoti mbele yake. "Mama, iko muzuri. Mama, angalia. Haionekane sana." Ilionekana sana.

Kaku aliinama, akazichunguza zile nyayo kwa makini, kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

"Ametembea sawasawa," akasema. "Muache vile."

Kesho yake mchana, sakafu ilipokuwa ngumu, tuliipaka nta. Ilikuwa ni vipande vya mishumaa ya kanisani, vilivyoyeyushwa juu ya mbabula, jiko letu la makala, na kulegezwa kwa mafuta ya taa kidogo. Tulishuka magotini wote, na narudia, wote: Baba, Mama, dada, mdogo wangu, mimi, na hata Kaku aliyekaa juu ya mto akisugua pande zake nne tu. Tulisugua kwa vitambaa vya sufu mpaka mikono ikatetemeka. Jua lilipopita kwenye chupa, sakafu ikapata joto, na nyumba nzima ikanukia Misa ya Pasaka.

Wageni walifika kesho yake, gari mbili. Shangazi alikuwa mkubwa kuliko hata uvumi wake: mwili mnene, kitenge cha nta kilichokakamaa, kilemba kama mnara, viatu vyenye kisigino. Kaku aliwapokea mlangoni kwa salamu ya Kasai, "Moyo wenu," naye shangazi akajibu vizuri, akaingia, akasimama. Wengine wote wakasimama nyuma yake kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpita.

Alitazama dirisha la chupa. Alitazama ukuta, akafuata ule mkanda wa mafundo kwa macho kuzunguka chumba mpaka aliporudi alipoanzia. Alitazama mapazia. Kisha akatazama chini, na hapo akakaa muda. Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la bilauri za munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

"Mama," shangazi akamwambia Kaku, "hapa chini, ni kuku alipita?"

Nilimwona Baba akifumba macho.

"Njo bageni ya kwanza," Kaku akajibu kwa sauti yake ileile ya chini. "Mulikawia njiani. Beye balitangulia kuingia."

Nilisikia treni ikipiga honi huko mbali upande wa Shituru. Kisha kitu kikaanza kutikisika chini ya kile kitambaa cha nta, kikapanda mpaka kwenye mabega, na shangazi akacheka. Alicheka akashika ukuta, alicheka kilemba kikaanguka, mwalimu mwenye miwani akakiokota, naye akaendelea kucheka huku akipangusa machozi kwa kiganja kilichojaa pemba, hata uso ukawa na mistari myeupe, na sasa kila mtu alikuwa anacheka, hata Mama. Alipotulia akavua viatu. Akatembea pekupeku juu ya sakafu yetu kutoka mlango hadi mlango, polepole, akifuata njia ya kuku.

"Ni ya baridi muzuri," akasema. "Munapaka nini? Ile bougie ya kanisa?" Na kabla hajala alikuwa amekwisha kumwuliza Mama namna ya kuchuja pemba, idadi ya siku za kuloweka mifuko, na kama Baba angeweza kumtengenezea vibao vile vya dirisha kwa nyumba ya jikoni yake. Habari za ndoa zilizungumzwa kati ya samaki na chai, kwa kifupi, kama jambo lililokwisha kukubaliwa.

Dada aliolewa msimu wa kiangazi uliofuata. Alipokuwa anaondoka alishika mlango wa kwao akalia kama inavyotakiwa, na halafu akasahau desturi akalia kweli, ameegemea ukuta wa sebule, paji la uso juu ya yale mafundo. Mama alimshika mkono kumtoa. Bega lote la gauni la buluu la dada lilikuwa jeupe kwa pemba. Ule uji wa muhogo haukushika sana kama tulivyotumaini. Shangazi mmoja wa upande wetu akaja mbio na kitambaa kumpangusa, Kaku akamzuia.

"Muache. Aende nayo."

Akapanda gari hivyo hivyo, bega jeupe, na hakulipangusa njia nzima mpaka Lubumbashi. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye.

Baada ya hapo wanawake wa Kikula walianza kuja. Mwanzoni walikuja kuangalia tu, kisha wakamwomba Mama aende kwao. Mama na Kaku walivika nyumba nyingi, wakachora mikanda ambayo hakuna miwili iliyofanana, na Baba akawa mtu wa madirisha. Mtaani walimwita Papa Chupa, naye alijifanya amekasirika. Kuku yule alikufa kwa uzee. Jirani hakuthubutu kumchinja.

Kaku naye alituacha, taratibu, bila kupandisha sauti. Baba alimfuata. Mdogo wangu alikua, akapata kazi nzuri mgodini, na jambo la kwanza alilofanya ni kumjengea Mama upya. Siku mafundi walipovunja sakafu nilikuwapo. Karo, yaani vigae vya sakafuni, zilikuwa zimepangwa uani katika maboksi, vioo vya alumini vimeegemezwa ukutani, na sururu zikaanza kupiga ule wekundu. Nilisimama kwenye baraza machozi yakinitoka. Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Unalilia pavema, sakafu tu?"

"Mama, ilikuwa muzuri."

"Ilikuwa muzuri, ndiyo. Lakini weye kila siku ya kuisugua ulikuwaka na tumbo ya kuuma. Unakumbuka? Unakimbilia choo, unakaa kule mpaka tunamaliza." Akacheka, akajigonga goti. "Hii goti njo inakumbuka. Karo ni muzuri sana. Unamwanga maji, unapangusa, basi."

Naye alikuwa na haki. Sakafu mpya ilikuwa nzuri, na aliipenda mpaka leo anaipenda. Ukimtembelea atakuonyesha namna inavyong'aa bila jasho la mtu. Sikuhuzunikia udongo wala chupa. Nilichokitafuta pale barazani, na ambacho hakuna fundi anayekiuza, ni siku ile moja tuliposhuka wote magotini katika chumba kimoja, mlango wazi, kila mmoja na pande lake, tukigombania vitambaa.

Dada alihamia Kolwezi na mumewe, nyumba ina bustani. Mdogo wangu ana yake kando ya mgodi. Mama yuko Kikula, nami niko hapa. Nyumba zetu zote siku hizi ni nzuri. Ila ziko nne.